Laptopu Haina Mahali pa CD, na Linux Ikaingia Kando ya Windows

Niko na kaduka ka kutaipu na kuprinti hapa Kondele, Kisumu, na laptopu moja ndiyo inaendesha kila kitu. Ni zile za ofisi zilizotumika Uingereza kabla zije huku, tunaziita eks-UK, iko na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256, nyembamba, na haina mahali pa kuweka CD. Siku ya kuinunua hayo maneno ya CD hata sikuuliza, nilikuwa naangalia betri na kibodi.

Ikaja 2025. Windows 10 ikafika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, kwa hivyo yangu ikabaki nje. Kuna njia ya kuongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, nikajiandikisha, lakini mwaka mmoja huwa unaisha ukiangalia tu. Nikaamua niweke Linux Mint, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows, nizoee pole pole nikiwa bado na pa kurudi. Kuifuta Windows kabisa sikuweza, juu kuna mama wa hadwea hapa karibu ananiletea hesabu zake za QuickBooks kila mwisho wa mwezi, ile ya kuinstoli kwa mashine, na hiyo inataka Windows.

Nataka kueleza venye ilienda, na nitakaa sana kwa mambo ya kabla ya kuinstoli, juu hapo ndipo nimeona watu wakipoteza vitu. Kuinstoli kwenyewe kulinichukua kama dakika ishirini. Kujitayarisha kulinichukua wiki mbili, na hizo wiki mbili kwangu ndizo kazi.

Linux yangu ya kwanza ilikuja kwa posta. Ilikuwa 2009, waliotengeneza Ubuntu, Linux ya aina nyingine, walikuwa wanatuma CD bure mahali popote duniani, unajaza fomu kwa intaneti unangoja. Nikajaza kwa saiba, nikasahau, wiki nyingi baadaye sanduku la posta la baba likawa na bahasha, ndani CD imelala kwa kikaratasi kigumu. Ubuntu ilianza Oktoba 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hilo jina ni lile lile utu letu, mzizi mmoja. Niliithamini sana ile CD. Ule mpango wa kutuma ulifungwa 2011, na hata ungekuwepo sai haungenisaidia, CD inabeba MB 700 na faili ya Mint ya sasa iko karibu GB 3. Jirani yangu wa duka la simu akaniambia ninunue ile draivu ya DVD ya nje inachomekwa kwa USB. Ingefanya kazi, DVD inabeba GB 4.7, lakini ni pesa ya bure, laptopu karibu zote za miaka hii zinabuti, yaani zinawaka, kwa flashi.

Kabla ya flashi, bakapu. Hii nisikilizwe vizuri. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu. Familia inakuja Jumatano ama Alhamisi usiku, mwili unatoka mochari Ijumaa, wanakuja na picha za marehemu kwa simu na wasifu umeandikwa kwa mkono, mimi nataipu, napanga, naprinti. Mle ndani ya laptopu kuna picha za wazee ambazo siku hizi hazipatikani mahali pengine. Kuna familia moja ya Nyalenda, simu iliyokuwa na picha za baba yao iliibiwa mwezi mmoja baada ya mazishi, wakarudi kwangu kuuliza kama nilibaki na yoyote, na nilikuwa nimebaki na kumi na moja. Yule kijana mkubwa alisimama pale kaunta akaziangalia moja moja bila kusema kitu. Sasa wewe ukiwa na vitu kama hivyo kwa diski huwezi kwenda kubonyeza bonyeza. Nikanakili kila kitu kwa diski ya nje, halafu nikaipeleka hiyo diski kwa mashine ya jirani nikafungua faili moja moja za hapa na pale nione kama zinafunguka kweli. Bakapu ambayo hujaifungua mahali pengine hujui kama uko nayo.

Kudaunlodi Mint nilitumia torenti, ile njia ya kuvuta faili vipande vipande, na hapa nashauri yeyote mwenye bando ya kukatika katika afanye hivyo. Tovuti ya Mint yenyewe inakupa faili ya torenti. Neti ikikatika inaendelea pale ilipofika, na kila kipande kinachoingia kinakaguliwa, kibovu kinarudiwa peke yake. Nikaiacha usiku mbili.

Flashi nikanunua kwa jamaa wa barabarani, imeandikwa GB 64, bei ilikuwa ya chini mpaka ningefaa kushtuka. Nikaiandikia Mint, nikabuti, nembo ya Mint ikatokea, ikazunguka, halafu skrini ikajaa maneno meupe ya makosa, SQUASHFS error mstari baada ya mstari, ikaganda. Nikajaribu tena, ikaganda mahali tofauti. Nikaanza kushuku laptopu, nikashuku RAM, nikashuku hata ile faili.

Wakati huo mpwa wangu alikuwa amefunga chuo, anasoma Maseno, akawa anashinda na mimi dukani. Tukaanza na faili. Mint wanachapisha kwa tovuti yao alama ya SHA256 ya kila faili, kama alama ya kidole ya kuitambua, herufi na namba 64, na Windows iko na njia yake ya kuikokotoa bila kuweka programu yoyote: unafungua ile skrini nyeusi ya amri unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Ikatoa yake. Mimi nikakaa kwa laptopu nikisoma, mpwa ameshika simu anafuata kwa kalamu, na ilikuwa polepole juu ndani ya hizo alama kuna namba na herufi kutoka a mpaka f, zikisomwa kwa sauti zinafanana.

“Anko, hiyo ni b ya baba ama d ya dada?”

“Ya dada. Endelea.”

Mteja aliyekuwa anangoja kuskani kitambulisho akatuangalia kama watu wa nambari za bahati nasibu. Tukafika ya mwisho, zote 64 zikalingana. Kwa hivyo faili ilikuwa safi, na mwenye makosa alikuwa flashi.

Nikaiweka kwa programu inaitwa H2testw, hiyo inajaza flashi mpaka mwisho halafu inasoma tena ione kama kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Ile GB 64 haikufika hata GB 2. Hizi flashi feki zinafanywa hivyo, chipu ya ndani ni ndogo lakini kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya kompyuta, ukiandika zaidi ya uwezo wake inakubali tu, haikuambii, na data inapotea. Niliumia, pesa ilikuwa ndogo lakini nilifikiria wale wanafunzi wanaoweka tasnifu kwa flashi kama hiyo. Nikaenda duka la vifaa mjini nikanunua ya GB 16 yenye risiti, nikaipima kabla ya kuitumia, ikawa GB 16 ya kweli. Tangu siku hiyo mteja akija na flashi mpya nampimia bure.

Ya kuandika Mint kwa flashi nikatumia Rufus, ni programu ndogo ya bure. Kuna swali moja hapo linawachanganya watu, GPT ama MBR (namna ya kupanga diski), UEFI ama ile ya zamani (namna ya mashine kuwaka). Jibu liko kwa Windows yako yenyewe: andika msinfo32 pale kwa kutafuta, angalia mstari wa BIOS Mode. Ikisema UEFI, flashi yako iwe ya GPT na UEFI, na Linux uiinstoli ikiwa imebuti kwa UEFI pia. Zikiwa mbili za aina tofauti kwa mashine moja hazionani kwa menyu, utalia. Na toa flashi zingine zote kabla ya kubonyeza Start, juu Rufus inafuta kila kitu kwa ile uliyochagua, na mimi nilikuwa nimechomeka ya chama chetu yenye daftari za michango ya miaka minne, jina lake likaja la kwanza kwa orodha. Niliiona nikiwa na kidole kwa mausi. Nikaitoa nikatoka nje nikanywa maji.

Sasa diski. Linux inahitaji nafasi yake, na njia salama niliyoiona ni kuipunguza Windows ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management, bonyeza kulia kwa C, Shrink Volume. Nilikuwa na GB 120 tupu. Ikaniambia inaweza kunipa GB 9. Tisa! Nikafikiria diski imeharibika. Kumbe kuna faili ambazo Windows haizisongeshi ikiwa inafanya kazi, zinakaa katikati ya diski kama mtu amelala kwa mlango, na kupunguza hakuwezi kuvuka pale zilipo hata kama huko mbele ni tupu kabisa. Kuna ile ya kulaza mashine, hiberfil.sys, kuna pagefile.sys ya kusaidia RAM, kuna zile pointi za kurudisha mfumo. Nikazizima zote tatu kwa muda, ya kulaza mashine unaizima kwa kuandika powercfg /h off kwenye ile skrini nyeusi ukiwa umeifungua kama msimamizi, nikaristati, nikarudi Disk Management. Ikanipa nafasi ya kutosha, nikachukua GB 60. Inataka uandike kwa MB, kwa hivyo 60 mara 1024, ni 61440. Hiyo namba 61440 nikaiandika kwa daftari, na nafurahi nilifanya hivyo, nitaeleza.

Ikabaki nafasi nyeusi kwa mchoro, imeandikwa Unallocated. Hapo unaacha, usiipe herufi, usiifomati.

Mpwa akataka tuendelee hiyo jioni. Mawingu yalikuwa yameshajaa, na mtu wa Kisumu anajua mawingu kama hayo na stima haviishi pamoja, na betri yangu ikiwa nzima inakaa dakika arobaini. “Anko, si tuanze tu, stima itarudi.” Nikakataa. Kupunguza ama kugawanya diski ni mahali moja hutaki mashine izime katikati. Tukangoja Jumapili asubuhi, betri imejaa, duka limefungwa, hakuna mteja wa kusema ni moja tu. Na hata hivyo stima ilipotea tukiwa ndani, faili zikiendelea kunakiliwa, nikapunguza mwanga wa skrini mpaka chini kabisa tukakaa tunaangalia asilimia. Betri ilibaki na asilimia 44 tulipomaliza.

Lakini nimeruka. Kabla ya kuinstoli, flashi inakupeleka kwa Mint kamili inayoendeshwa kutoka kwa flashi yenyewe, diski haijaguswa. Kubuti huko yangu ni F9 ukiwasha, zingine ni F12, zingine Esc ama F2, angalia maandishi madogo mwanzoni. Wengi wanafika hapo wanakimbilia ile alama ya Install. Mimi nilikaa humo saa mbili nzima. Nikajaribu waifai, ikashika. Sauti, kamera, mwanga wa skrini. Nikachomeka printa, nikaprinti ukurasa wa programu ya mazishi ya zamani nione kama fonti zinakaa, zingine zilibadilika na mistari ikasukumana, nikaandika kwa daftari kwamba nitahitaji kuhamisha fonti. Skana ikafanya kazi. Kama printa ingekataa ningezima, ningechomoa flashi, na Windows ingekuwa vile vile. Hiyo ndiyo faida ya flashi ambayo watu hawaitumii, na kwa mtu anayekula kwa hiyo mashine sioni faida kubwa kuliko hiyo.

Sasa ile skrini ya kugawa diski. Kuna chaguo la kuweka Mint kando ya Windows moja kwa moja na nadhani lingefanya kazi, na kuna la kufuta diski yote ambalo liko karibu sana na hilo lingine. Mimi nikachagua Something else, nione kwa macho yangu. Ikaja orodha, na hapa ndipo daftari likanisaidia, nilikuwa nimechora jedwali kutoka Windows: sehemu ya kwanza ndogo ya MB 100, ya EFI, ya kubuti, ya pili MB 16, ya tatu kubwa ndiyo C, halafu tupu 61440, na mwisho ya nne ya kurekebisha Windows. Kwa Linux hazina herufi C na D, zangu zinaitwa sda1, sda2, sda3, na flashi yenyewe ikaja kama sdb. Nikawa nasoma kwa sauti na mpwa anaweka tiki.

Ile tupu ikasoma 64424.

Nikasimama. Sikuwa nimeacha 64424, niliacha 61440, na kama hiyo nafasi si ile yangu basi ni ya nani? Mpwa akasema ni karibu, tuweke tu. Sikutaka karibu. Tukachukua kikokotoo. Windows inahesabu kwa 1024, ukisema MB moja ni baiti 1,048,576. Kiinstola cha Mint kinahesabu kwa 1000, MB moja ni baiti milioni moja kamili. Ukichukua 61440 ukazidisha kwa 1,048,576 halafu ukagawa kwa milioni, unapata 64424 na pointi. Ni ile ile! Ndiyo sababu pia diski ya GB 256 Windows inaiita 238. Niliskia mwili ukilegea.

Nikaichagua hiyo tupu, nikaiweka ext4, mtindo wa Linux wa kupanga faili, mahali pa kupachikwa alama ya mkwaju /, yaani mwanzo wa mfumo wote, basi. Ile EFI unaiacha kama ilivyo, usiweke tiki ya kufomati, ndani yake Windows iko na folda yake ya kubutia na Linux inaongeza yake kando, kwa Mint utaikuta imeitwa ubuntu, usishtuke, wamejenga juu ya Ubuntu. Sehemu ya swapu, ya kusaidia RAM, sikuweka, inajitengenezea faili yake. Install, saa za Nairobi, jina, paswadi.

Tukaristati, ikaingia Windows moja kwa moja kama hakuna kitu kimefanyika. Mpwa alikata tamaa usoni. Lakini Mint ilikuwepo, ni mpangilio wa kubuti ndio ulikuwa bado unaita Windows kwanza. Nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kwa mpangilio wa UEFI nikapandisha ubuntu juu ya Windows Boot Manager, nikahifadhi. Menyu ikaja, Mint juu, Windows chini. Tukaingia zote mbili, kila moja mara mbili.

Baada ya hapo kulikuwa na mambo mawili. La kwanza saa. Jumatatu nikafungua kwa Mint, baadaye nikaingia Windows kufanya kazi ya mama wa hadwea, nikaprinti risiti, akaniambia mbona hii inasema saa kumi na mbili na sai ni saa tatu. Kweli, risiti 6:10 na ni 9:10. Masaa matatu kamili. Sababu yake ni kwamba ndani ya mashine kuna saa ndogo ya betri, Windows inaisoma kama saa za hapa, Linux inaiweka kwa saa za dunia, UTC, na sisi Kenya tuko masaa matatu mbele ya UTC. Kila moja inarekebisha kivyake. Ndani ya Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, Linux inakubali kufuata saa za hapa, imeisha.

La pili nilijiletea. Nilikuwa nimerudisha ile ya kulaza mashine, nikidhani kazi yake ilikuwa ya kupunguza diski pekee. Siku mbili baadaye niko Mint, nafungua folda za wateja kule C, zinafunguka lakini nikihifadhi inakataa, inasema ni za kusomwa tu. Ni kwa sababu Windows ikiwa na Fast Startup, inayotumia hiyo ya kulaza mashine, ukiizima haizimi kabisa, inalala nusu na diski ikiwa bado mkononi mwake, na Linux ikiona hivyo haithubutu kuandika humo isije ikaharibu. Inafanya vizuri. Nikazima tena kwa powercfg /h off, na sasa inabaki hivyo. Windows inachelewa sekunde chache kuwaka, sawa.

Mpwa alirudi Maseno akiwa na moto wa hiyo kitu. Laptopu yake ni mpya kuliko yangu, ya Windows 11, dada yangu alimnunulia kwa mkopo wa sako ambao bado analipa. Akafuata video moja, akaingia BIOS akazima Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, ndio flashi ikubali, na hata haikuhitajika, Mint inabuti nayo ikiwa imewashwa. Akaristati kuingia Windows kwanza. Ikaja skrini ya bluu, BitLocker, kile kifunga diski cha Windows, inataka namba 48. Akapiga simu saa mbili usiku, sauti imebadilika, kazi ya muhula mzima iko humo.

Jumamosi akaja nayo, na dada akaja naye. Alikaa kwa kiti cha wateja, kibeti kwa mapaja, hakusema kitu. Ni hivi: laptopu nyingi za Windows 11, ukiingia mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft, diski inasimbwa, yaani inafungwa isisomeke bila ufunguo, bila wewe kuombwa chochote, na ufunguo unawekwa kwa hiyo akaunti. Ukibadilisha kitu cha kubuti, kama Secure Boot, mashine inaona pengine ni mwizi, inauliza ufunguo. Akaunti yake ilikuwa ya laini ya simu aliyoipoteza akiwa kidato cha nne, namba ya kuthibitisha ya kuingia ingetumwa huko. Tulijaribu mpaka saa tisa alasiri.

Halafu nikafikiria, kama kubadilisha ndiko kulifunga, turudishe. Nikaingia BIOS, nikawasha Secure Boot kama alivyoikuta, hakuna kingine nilichogusa, nikahifadhi. Ikawaka. Ikapita ile bluu. Ikafika kwa picha yake ya ukutani, yeye na wenzake wako Dunga wamesimama kando ya mashua. Dada akafunika uso kwa leso.

Kabla hajagusa kitu nikafungua ile skrini nyeusi kama msimamizi nikaandika manage-bde -protectors -get C: na ufunguo ukatokea, namba 48, makundi manane ya sita sita. Mpwa akasoma, mimi nikaandika kwa daftari, kisha mimi nikasoma naye akafuata kwa kidole kwa skrini, mara mbili. Kazi ya muhula tukainakili kwa diski ya nje tukaifungua kwa mashine yangu. Tukabadilisha laini kwa ile akaunti. Mambo ya Mint tukayaacha mpaka wiki iliyofuata, na safari hiyo akazima usimbaji wa diski kwanza kwa Settings, akangoja umalizike kabisa ndio akachomeka flashi.

Dada aliuliza hizo namba ni za benki. Nikamwambia ni za laptopu, aweke mahali haipotei. Akararua ule ukurasa vizuri kwa mstari, akaukunja mara nne, akasema utakaa kwa sanduku pamoja na vyeti vya kuzaliwa.